Pat Martino: mwalimu wa gitaa aliyelazimika kuwa mwanafunzi wa sahani zake mwenyewe za santuri (uzi mrefu, jaza chaji)

Nyuzi_Sita:
Wakuu salaam. Wiki iliyopita kwenye mjadala wa solo kali nilitaja jina la Pat Martino, watu watatu wakaniuliza alipigia bendi gani ya Kinshasa. Huyu si wa Kinshasa. Ni Mmarekani wa Philadelphia, mwenye asili ya Italia, na niliahidi kumfungulia uzi wake. Leo mvua imewazuia wanafunzi wangu wote, basi tukae.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kwetu jazi ilikuwa jina la bendi tu: Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz, na kule ng'ambo OK Jazz ya Franco. Watu walicheza rumba na cha-cha mpaka viatu vikalika. Jazi ya Pat ni ile ambayo wimbo unapigwa mara moja kama ulivyotungwa, halafu kila mpigaji anaachiwa uwanja atunge papo hapo juu ya kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) zilezile. Ukipotea njia, wenzako hawakusubiri. Pat akiachiwa uwanja noti zinatoka kama cherehani inayoshona pindo: mfululizo, nzito, zimelingana, hakuna kuvuta uzi wala mbwembwe. Unaweza kumsikiliza dakika mbili ukagundua umesahau kuvuta pumzi.

Alizaliwa 25 Agosti 1944, jina lake Pat Azzara. Baba yake, Carmen, aliyeitwa Mickey, alikuwa mwimbaji wa klabu za mjini, na hilo "Martino" ni jina la jukwaani la baba ambalo mtoto alirithi. Mzee aliwahi hata kujifunza gitaa kidogo kwa Eddie Lang, mmoja wa wapiga gitaa wa kwanza kabisa wa jazi. Pat alishika gitaa akiwa na miaka 12. Akapelekwa kwa Dennis Sandole, mwalimu wa mjini hapohapo ambaye John Coltrane, gwiji wa saksofoni, naye alikuwa mwanafunzi wake. Hebu piga picha: una miaka kumi na kitu, unasubiri zamu yako ya somo, anatoka Coltrane. Kuna siku huyo Coltrane alimchukua dogo wakaenda kunywa chokoleti ya moto, wakapiga stori za muziki.

Akiwa na miaka 15 akaacha shule, akaenda New York. Kwa muda aliishi kwa Les Paul, yule yule ambaye jina lake liko kwenye magitaa ya Gibson. Akaanza kupiga mtaa wa Harlem, klabu ya Smalls Paradise, na bendi za Lloyd Price na mpiga saksofoni Willis Jackson, baadaye na wapiga ogani: Jack McDuff, Don Patterson, Groove Holmes, Trudy Pitts. Mpiga gitaa George Benson, ambaye kiumri ni kaka yake kidogo, amesimulia mara nyingi jinsi alivyoingia klabu ya Harlem akamkuta huyu kijana mweupe anacharaza, akajua New York hapana mchezo.

Naweka chai jikoni, narudi.

MzeeWaRumba:
Nimeweka kiti mbele. Ila kijana usitudharau na "jina la bendi tu". Mbaraka Mwinshehe alikuwa anatunga papo hapo kuliko hao wa kukaa vitini. Mimi nimemwona kwa macho yangu, solo ya wimbo mmoja leo si ile ya jana.

Nyuzi_Sita:
Shikamoo mzee wangu. Nimekosea, nafuta kauli. Mbaraka sitamgusa, nikifanya hivyo hata nyumbani sitalala.

Kinyozi_wa_Ngamiani:
Hao wapiga ogani umewataja wengi mpaka nimechoka. Kwani bendi haikuwa na besi?

Nyuzi_Sita:
Swali zuri kuliko unavyodhani. Kwenye bendi hizo mara nyingi besi haipo. Mpiga ogani anapiga besi kwa mkono wa kushoto na miguu, kodi kwa mkono wa kulia, kisha kuna ngoma na gitaa. Watu watatu, labda wanne, ukumbi unatikisika. Gitaa halina pa kujificha. Pat alifunzwa na mazingira hayo, ndiyo maana mapigo yake ni imara kama reli. Na nyuzi zake zilikuwa nene ajabu. Sisi tunanunua seti ya namba 10 na bado vidole vinalia. Ule uzi wake mwembamba kuliko wote ulikuwa namba 16. Jaribu siku moja, utaniletea picha ya malengelenge.

Sahani yake ya kwanza kama kiongozi ni El Hombre, 1967, kampuni ya Prestige, akiwa na miaka 22. Ogani ni Trudy Pitts, mwanamama wa Philadelphia. Ndani yake kuna bluzi aliyompa baba yake, "A Blues for Mickey-O". Likumbukeni hilo jina la Mickey, tutalirudia.

Ustadhi_wa_Chake:
Assalaam alaykum. Nimewahi kusikia kuna Mmarekani alipiga sahani ya gitaa ikaitwa kwa jina la sura ya Qur'ani. Ndiye huyu au nimechanganya?

Nyuzi_Sita:
Waalaykum salaam Ustadhi. Ndiye. Mwaka 1968 alitoa Baiyina, na chini ya jina akaweka maana yake, "ushahidi ulio wazi". Wewe unaijua kuliko mimi: Suratul Bayyina, sura ya 98. Ndani kuna kipande kinaitwa "Israfel". Humo aliweka tabla na tambura za Kihindi, miaka ambayo vijana wengi wa Marekani walikuwa wakitazama Mashariki wakitafuta kitu.

Ustadhi_wa_Chake:
Israfil mwenye parapanda! Subhanallah. Kwa gitaa tena. Ulamaa wa hapa jirani wasione uzi huu.

Nyuzi_Sita:
SEHEMU YA PILI. Hapa ndipo penyewe.

Tangu utotoni alikuwa na matatizo ya kichwa ambayo hakuna aliyeyaelewa. Miaka ya sabini yakazidi. Mwaka 1976 akiwa jukwaani Ufaransa alisimama ghafla katikati ya wimbo, mikono kimya, kama nusu dakika hivi, bendi inaendelea bila yeye. Madaktari wakampa kila jina: mara huzuni na kichaa cha kupanda na kushuka, mara skizofrenia. Akalazwa, akapewa dawa, akapigwa hata shoti za umeme kichwani. Katikati ya mambo hayo alihamia California akawa anafundisha Hollywood, kwenye chuo cha gitaa cha GIT. Yaani alikuwa mgonjwa na alikuwa mwalimu kwa wakati mmoja.

Mwisho kipimo cha picha ya kichwa kikaonyesha ukweli. Lilikuwa fundo la mishipa ya damu, ateri na vena zimesokotana ndani ya ubongo, pengine tangu tumboni mwa mama, na sasa lilikuwa limevuja. Akarudi Philadelphia kwa wazazi. Mwaka 1980 akapasuliwa na Dk. Frederick Simeone. Inakadiriwa kwamba asilimia 70 ya sehemu ya ubavuni ya ubongo, upande wa kushoto, iliondolewa. (Simeone huyo alikuwa na ugonjwa wa magari ya zamani ya mashindano, aliyakusanya mpaka akayafungulia makumbusho. Mkono uliofungua kichwa cha Pat ndio ulioshika pia spana za Ferrari.)

Alipozinduka, watu wawili walikuwa wamesimama kando ya kitanda. Hakuwajua. Walikuwa baba na mama yake. Gitaa hakujua linahusiana vipi na yeye.

Mbishi_Asilia:
Hii chai. Mtu akatwe ubongo, asahau mama yake mzazi, halafu arudi kupiga vilevile? Na maandazi yako wapi?

Nesi_wa_Zamu:
Mbishi, mimi ni muuguzi, niko zamu ya usiku, ngoja nikujibu kabla wodi haijaamka. Kumbukumbu hazikai kwenye chumba kimoja. Kumbukumbu za matukio, kama harusi yako ilikuwaje au jina la shangazi, hutegemea sana hiyo sehemu ya ubavuni. Kumbukumbu za mikono, kama kuendesha baiskeli au kusuka ukili, zinakaa kwingine. Tumepata wagonjwa wasiojua leo ni siku gani, lakini ukimpa mama uzi na sindano anafuma kitambaa kizima. Na kitu kilichokua vibaya tangu utotoni, ubongo wakati mwingine huanza kuzoea kukizunguka mapema. Kwa hiyo inawezekana kabisa.

Lililoniuma ni ile miaka ya majina ya uongo. Kijana mmoja aliletwa kwetu akiwa na miaka 19. Alikuwa akisimama katikati ya sentensi, macho yameganda, halafu anaendelea kama si yeye. Hospitali moja walimwandikia "tatizo la akili", kwa mganga mmoja wakamwambia ni majini wa baharini, shule ikamrudisha nyumbani. Kilikuwa kifafa. Kifafa si lazima mtu aanguke atoke povu, jamani. Mtu akiganda tu hivyo mara kwa mara, mleteni.

Mbishi_Asilia:
Dada nesi nimekuelewa, asante. Ila huyu bwana mwenye uzi amesema alijifunza upya. Kama mikono ilikuwa inakumbuka, alijifunza nini? Chagueni moja.

Nyuzi_Sita:
Mbishi leo umenisaidia, maana hapo ndipo ninapotofautiana na wengi wanaomsimulia.

Hadithi inayouzwa ni fupi: alisahau yote, akasikiliza sahani zake, akajifunza upya. Ina ukweli wake. Pat mwenyewe alisema siku zote kwamba alianzia sifuri, na mimi siwezi kumbishia alichokihisi ndani ya kichwa chake. Lakini angalia yaliyotokea nyumbani. Baba, yule Mickey, alikuwa anaweka sahani za mwanawe, zinasikika nyumba nzima. Anataka mwanawe arudi. Mwana amelala chumbani anasikia gitaa la mtu ambaye kila mmoja anamwambia ni yeye, na yeye hamjui. Badala ya kuwa tiba, ikawa mzigo. Umewahi kuonyeshwa picha yako ya utotoni usiyoikumbuka, watu wanacheka "si unakumbuka hii?" Zidisha mara elfu.

Kitu kilichomgusa, kwa masimulizi yake mwenyewe, kilikuwa kidogo mno. Mwanafunzi wake wa zamani alikuja kumtembelea, akachukua gitaa, akapiga kodi moja. Pat akashindwa kutulia. Alisikia kodi ile inataka kwenda mahali fulani, akamwambia aibadilishe. Hakujua alijuaje.

Ndiyo maana nasema mpigaji alizimika, mwalimu akabaki ameketi humo ndani gizani akisubiri mtu akosee. Sisi tunaofundisha tunaijua hiyo hali. Niamshe saa nane za usiku unipigie F vibaya, nitakurekebisha kabla sijajua uko nyumbani kwangu unatafuta nini.

Na alichofundisha kilikuwa na umbo la kurudika. Hakufundisha nyimbo, alifundisha ramani. Chukua gitaa sasa hivi. Nyuzi nne nyembamba. Kwenye uzi wa nne bonyeza freti (nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa) ya 6, wa tatu ya 7, wa pili ya 6, wa kwanza ya 7. Liza. Hiyo ni kodi ya diminishi, ile ya filamu mwizi anapoingia dirishani. Ina noti nne zilizoachana umbali sawa, kwa hiyo haina kichwa wala mkia. Sasa shusha kidole kimoja tu freti moja, vingine vibaki:

Ukishusha kwenye uzi wa kwanza, unapata Bb7. Ukishusha wa pili badala yake, E7. Wa tatu, Db7. Wa nne, G7.

Kodi nne za saba kutoka kwenye umbo moja, kwa kusogeza kidole nusu toni. Sogeza umbo zima freti moja, upate nne nyingine, sogeza tena upate nne za mwisho. Tatu mara nne, kumi na mbili, umemaliza funguo zote za muziki. Ukichukua kodi ya ogmenti yenye noti tatu mambo yanageuka, maumbo manne mara tatu, kumi na mbili tena. Pat aliiona gitaa hivyo, kama bao ambalo kete zake ukizijua mwendo hukariri mchezo. Piano haikuonyeshi hili waziwazi hivi, gitaa linakuonyesha kwa vidole.

Upande wa solo ndio alirahisisha zaidi. Kodi yoyote inayokuja aliigeuza kichwani kuwa ya maina, ile yenye sauti ya huzuni kidogo. Ikija G7, yeye anawaza D maina. Ikija C meja, anawaza A maina. Lugha moja kwa nchi zote.

Njoro_wa_Nakuru:
Hapo umeongea kitu naelewa. Kodi zote zinageuka kuwa za Maina. Huku kwetu ni hivyo hivyo, Maina ndiye mwenye ploti, na kodi zote zinaishia kwake kila tarehe tano.

Kinyozi_wa_Ngamiani:
😂😂 Nimemkata mteja sikio kwa kucheka, Njoro utalipa wewe.

Nyuzi_Sita:
Njoro nimekufa. Hiyo naiba, kesho naifundishia.

Tumalizie. Ilichukua miaka. Februari 1987 akapanda jukwaani klabu ya Fat Tuesday's, New York, na watu wawili tu, Steve LaSpina kwenye besi na Joey Baron kwenye ngoma. Ikarekodiwa, ikatoka kwa jina The Return. Vipande vinne, vyote vya kwake. Wakuu, mimi huwa nawapigia wanafunzi ile na El Hombre bila kuwaambia ipi ni ipi. Cherehani ni ileile. Ila kwenye hii ya 1987 kuna mahali anang'ang'ania kifungu kimoja kifupi, anakirudia, anakirudia, mpaka unaanza kuwa na wasiwasi, halafu anakiachia kama mtu aliyefungua mlango uliokwama. Kijana wa 1967 asingesubiri hivyo. Wengine wanaona ni ile ile mbinu ya wapiga ogani ya kupandisha joto ukumbini, na huenda wako sahihi. Masikio yangu yanasikia mtu anayehakikisha.

Akanyamaza tena miaka kadhaa, akarudi 1994 na hakusimama. Mwaka 1997 kampuni ya Blue Note wakamtolea All Sides Now, na kati ya wageni waliomo yumo Les Paul, yule aliyempokea akiwa na miaka 15. Live at Yoshi's ya 2001 na Joey DeFrancesco kwenye ogani na Billy Hart kwenye ngoma ndiyo ninayomshauri mtu aanze nayo. Baadaye sahani nzima ya kumkumbuka mpiga gitaa Wes Montgomery, 2006. Madaktari nao walivutiwa. Ian Knox alitengeneza filamu mwaka 2008 pamoja na Paul Broks, mtaalamu wa ubongo, wakimfuatilia Pat.

Muda wote huo alifundisha, sana sana nyumbani kwa wazazi wake kusini mwa Philadelphia, nyumba ile ile sahani zilipokuwa zikimsumbua. Watu walitoka nchi za mbali kuja kukaa naye saa moja. Wengine walilalamika walikwenda kutafuta mbinu za vidole, wakakuta mzee anawachorea maumbo na kuongelea wakati uliopo. Mimi ningelalamika pia, nauli yenyewe ya kutoka huku!

Mwaka 2018 mapafu yalimshinda, akaacha jukwaa. Mwishoni wapenzi wa muziki wake walichangishana mtandaoni kumsaidia matunzo. Alifariki 1 Novemba 2021, Philadelphia, akiwa na miaka 77.

Mbishi_Asilia:
Nimesikiliza hiyo ya Yoshi's dakika kumi. Nakiri si chai. Ila noti nyingi mno, apumue basi.

Nyuzi_Sita:
Hapo sikubishii sana. Hata mimi kuna siku namzima naweka Jim Hall, mpiga gitaa wa noti chache.

MzeeWaRumba:
Nimeshusha gitaa langu juu ya kabati, nyuzi mbili zina kutu. Nimefanya hiyo 6-7-6-7. Wa kwanza nimeshusha, sawa. Wa pili sawa. Wa nne sawa. Wa tatu nikishusha vidole vinapandana, hakuna nafasi. Umetudanganya au mikono imezeeka?

Nyuzi_Sita:
Mikono haijazeeka mzee wangu. Kwa huo wa tatu usishushe kidole, laza cha shahada kizibe freti ya 6 kwenye nyuzi tatu, wa nne, wa tatu na wa pili, kama unapiga F. Kidole cha kati kishike uzi wa kwanza freti ya 7. Sukuma kiwiko mbele kidogo.

MzeeWaRumba:
Imelia. Mama watoto ameuliza mwizi ameingia wapi.